Nishani ya Ifor Picton

Sajini Idwal Scourfield hakuwa amevua hata kofia yake iliyolowa, binti wa marehemu akawa amekwisha kumtajia mwizi.

"Ni Nesta Cole. Andika. Ndiye aliyekuwa akimhudumia baba, asubuhi tatu kwa juma. Ana ufunguo wa nyumba. Na nimeulizia, Sajini. Aliwahi kufungwa."

"Tuanze na kilichopotea, Bi Glenys."

Glenys Harries alikuwa mwalimu huko Cardiff, mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, mrefu, mwenye macho mekundu ya mtu asiyelala. Alikuwa amefika Jumatatu kumzika baba yake. Mzee Ifor Picton alikufa Jumapili kwenye kiti chake, moyo ulisimama tu. Daktari alitia sahihi bila swali, na hakuna aliyekuwa na swali mpaka Jumatano, Glenys alipokwenda kituoni akiwa na fremu ya mbao kwapani.

Sasa ilikuwa Alhamisi, nyumbani kwa marehemu. Fremu ilikuwa mezani, na Scourfield akaiinamia. Kulikuwa na kitambaa cha mahameli, ndoano tano za shaba, na chini ya kila ndoano kibao kidogo cha jina. Nishani nne zilining'inia, mbili za nyota na mbili za duara. Ndoano ya kwanza haikuwa na kitu.

"Hiyo ndiyo ile ya fedha," alisema Glenys. "Ya ushujaa angani. Hizi nyingine kila mtu aliyepigana alipewa, lakini ile alipewa yeye. Agosti elfu moja mia tisa arobaini na tatu. Walikuwa doria, ndege ile kubwa inayotua majini, wakakuta nyambizi ya Wajerumani imeibuka. Mpiga rashasha wa mkiani akapigwa. Baba akaacha redio yake, akatambaa mpaka mkiani, akashika ile bunduki. Hati yake ya sifa ninayo. Nitaisoma kanisani Jumamosi."

"Mara ya mwisho uliiona lini nishani yenyewe?"

"Ilikuwapo siku zote."

"Lini, mama?"

"Krismasi. Sajini, baba yangu amelala kwenye jeneza bila nishani yake, na wewe unaniuliza tarehe?"

Scourfield aliandika Krismasi, akaomba fremu, hati na karatasi nyingine zozote za vita. Glenys akamletea pia daftari la safari za ndege, jalada lake la bluu limeliwa pembeni.

"Fremu ilikuwa inakaa wapi?"

"Chumbani kwake. Juu, mkabala wa dirisha."

Alipanda kwenda kuona. Ngazi kumi na nne. Magoti yake yalizihesabu zote, kupanda na kushuka. Chumba kilikuwa safi na kitanda kimetandikwa, mwanga wa Februari ukiingia moja kwa moja ukutani, mahali pa msumari.

* * *

Nesta Cole alifungua mlango, akamtazama kuanzia kofia hadi viatu.

"Umenenepa, Idwal."

"Nawe hujambo, Nesta."

"Ingia basi. Mkate wa zabibu umebaki kipande. Nilijua watakutuma wewe."

Scourfield ndiye aliyemkamata, miaka ishirini na tisa nyuma. Alikuwa konstebo wa miezi minne, Nesta msichana wa miaka kumi na tisa aliyetoka dukani amevaa koti ambalo hakulilipia. Alikaa ndani miezi mitatu. Tangu hapo alikuwa ameolewa, amefiwa, na kwa miaka sita alikuwa akiogesha na kulisha wazee wa mtaa huu wa Bandari ya Pembroke. Jana wakubwa wake walimpigia jirani simu wakamwachia ujumbe asiende kazini mpaka jambo hili liishe.

"Nina wazee tisa," alisema akimimina chai. "Bwana Llewellin hawezi kujifunga kifungo. Leo nani kamvalisha shati? Hakuna. Watakuwa wamemwacha na nguo za kulalia."

"Nesta, nishani iko wapi?"

"Sikuichukua."

"Hilo si swali nililouliza."

"Ndilo jibu ninalotoa." Alikaa. "Lile koti, uliponisimamisha barabarani, nilikwambia nini?"

Scourfield alikumbuka. "Ulisema umeliiba."

"Kabla hujauliza. Nilikuwa nimeiba, nikasema nimeiba. Sasa sijaiba."

"Ila unajua kitu."

Nesta alikata mkate vipande viwili, akamsogezea kikubwa.

"Najua nilichoahidi. Mtu niliyemwahidi bado hajazikwa, unataka nianze kumvua nguo? Hapana."

"Wanaweza kukufukuza kazi. Na kwa rekodi yako, hakimu hatasikiliza sana."

"Najua hakimu anavyosikiliza, Idwal. Nilishamwona." Alimwongezea chai. "Ile fremu nimeifuta vumbi miaka sita. Wewe umeitazama mara moja. Nenda kaitazame tena. Na ukimaliza chai, uache kikombe hapo, sina haja ya polisi kunioshea vyombo."

Scourfield akaangalia chumba alipokuwa akiinuka. Redio, picha ya marehemu mumewe, saa ya ukutani. Simu hakuna.

* * *

Pwani nzima ile kulikuwa na mtu mmoja tu wa kununua na kuuza nishani, Aubrey Hext wa Tenby, mwenye duka jembamba nyuma ya ukuta wa mji. Scourfield aliendesha gari kwenye mvua ya upande, waipa moja ikifanya kazi.

Hext alikuwa mzee mkavu mwenye kioo cha kukuzia kilichofungwa shingoni kwa kamba. Alisikiliza maelezo mpaka mwisho.

"Haijaletwa hapa," alisema. "Na haitaletwa. Nishani ile, Sajini, ina jina la mwenyewe ukingoni. Namba, cheo, jina, vimechongwa. Ukiiuza ni kama kumuuza ng'ombe wa mtu kwenye mnada wa kijijini kwao."

"Na zile nne nyingine?"

"Hazina jina. Serikali ilizituma kwa posta, kila moja kwenye karatasi. Wengi hawakuziomba hata kidogo, wengine walizitia droo pamoja na misumari. Ningeletewa hizo, nisingejua za nani."

Scourfield alilipima jambo hilo. "Kwa hiyo mwizi asiyejua kitu angebeba fremu nzima."

"Naam."

"Na mwizi anayejua angechukua hizo nne, akaiacha yenye jina."

"Mimi ningefanya hivyo. Ila mimi si mwizi." Hext alifuta kioo chake kwa shati. "Lakini kuna jambo. Jumanne mwanamke alinipigia simu. Akauliza nishani ya fedha ya askari wa anga, ya vita vile, inauzwaje. Sikumwambia bei bila kuiona. Akakata."

"Jina?"

"Hakutoa."

"Sauti yake?"

"Ya huku kwetu, ila imepigwa msasa mjini. Na ya mtu aliyezoea kuwaambia watoto waketi. Nilijikuta nimekaa wima."

* * *

Jioni haikuwa imeingia bado alipoiweka fremu chini ya taa ya mezani kituoni. Alifungua vibanio vya nyuma, akatoa kioo, akaziondoa nishani nne moja baada ya nyingine na kuzipanga kwenye gazeti.

Mahameli ilikuwa ya kijivu. Alikuwa amedhani ndiyo rangi yake. Lakini pale zilipokuwa nishani kulibaki alama nne za bluu iliyoiva: nyota, nyota, duara, duara. Miaka yote ya jua la dirishani ilikuwa imekula kitambaa chote isipokuwa pale palipofunikwa.

Chini ya ndoano ya kwanza hapakuwa na duara. Palikuwa kijivu, sawasawa na kwingine.

Akachukua kioo cha kukuzia ili asijidanganye. Kijivu tu. Nyuma ya fremu fundi alikuwa ameandika mwaka kwa penseli: elfu moja mia tisa sitini na nane. Hakuna nishani iliyowahi kukaa pale hata msimu mmoja wa kiangazi. Nesta hakuweza kuiba kitu ambacho hakikuwapo.

Lakini kwa nini mtu atundike kibao cha nishani yake na nishani asiitundike?

Akafungua hati ya sifa, kisha daftari la safari, akaviweka ubavu kwa ubavu. Hati ilikuwa imepigwa chapa na nahodha wa ndege. Saa tatu na dakika arobaini na moja asubuhi nyambizi ilionekana. Haikuzama, ilibaki juu na kupigana. Saa tatu na arobaini na nne ndege ilipita juu yake mara ya kwanza, mabomu yakakosa, na mpiga rashasha wa mkiani akajeruhiwa. Picton akatambaa mpaka mkiani, na huku ndege ikiondoka akawafyatulia Wajerumani waliokuwa kwenye mizinga ya sitaha mpaka wakaiacha. Mara ya pili ndege ilipita bila kupigwa, na nyambizi ikazama.

Daftari la Picton lilikuwa la mkono wake, herufi ndogo zilizonyooka. Safari ya saa kumi na tatu, Ghuba ya Biscay. Kazi: redio. Halafu orodha ya alichotuma. Mahali tulipo, saa tatu na arobaini na moja. Mahali tulipo, na arobaini na nne. Mahali tulipo, na arobaini na saba. Mahali tulipo, tumepigwa, na hamsini.

Scourfield alisoma mara tatu. Redio ilikaa mbele, nyuma ya rubani. Rashasha ilikuwa mwisho kabisa wa mkia. Mtu mmoja hawezi kuwa kwenye ncha zote mbili za ndege dakika ileile, na aliyeandika kila ujumbe kwa dakika zake si mtu wa kusahau alikokuwa ameketi.

Mstari wa mwisho wa ukurasa ulisema: "Rossiter alikufa saa sita na dakika kumi. Nilikuwa naye."

Karani wa zamu alipita na birika. "Bado uko na ile nishani, Sajini?"

"Ukoo wa Rossiter wa wapi?"

"Neyland, ng'ambo ya daraja. Amebaki mmoja tu, Bi Winifred, fundi cherehani. Ndiye aliyemshonea mke wangu gauni la harusi. Ana ulimi, jihadhari."

* * *

Ijumaa asubuhi Bi Winifred Rossiter, miaka sitini na minane, alimkaribisha kwa kumwambia avue viatu.

"Polisi," alisema. "Mama aliishi hapa miaka hamsini, polisi hawakuwahi kuingia. Kaa pale, kuna pini kwenye hicho kingine."

"Nimekuja kwa habari ya Ifor Picton."

"Alikufa Jumapili. Nesta aliniletea habari."

"Nesta anakufahamu?"

"Ndiye aliyekuwa akimleta, tangu macho ya Ifor yalipomkataza kuendesha. Kila Agosti, siku ile. Ifor anakata ua wangu wa miti vibaya, ananywa chai, anaondoka. Miaka arobaini anakata vibaya, nami sisemi kitu."

"Mama, alikupeni nishani yake."

Mikono ya Bi Winifred, iliyokuwa ikikunja kitambaa, ikasimama.

"Si yake," alisema.

Akaenda kwenye droo ya cherehani, akatoa bahasha laini kama nguo iliyofuliwa sana. Barua ilikuwa fupi, ya mwaka arobaini na sita.

"Mama Rossiter mpendwa. Hii ni ya Emrys. Sheria yao haimpi marehemu nishani hii, kwa hiyo nahodha aliandika jina langu palipostahili jina lake, alisema la sivyo kitendo chenyewe kitapotea. Nilikubali. Sikupaswa kukubali. Sikutoka kwenye redio yangu mpaka yote yalipokwisha. Emrys alipiga peke yake, naye amekwisha kuumia. Baadaye nilikaa naye. Aliniuliza kama tumeizamisha, nikamwambia ndiyo, na hilo ni kweli. Mengine waliyoandika si kweli. Ifor Picton."

Scourfield alikunja barua kwenye mikunjo yake ya zamani.

"Nishani iko wapi sasa?"

"Mkononi mwa mama. Tulimzika nayo, mwaka hamsini na moja. Ukitaka kuihakiki utahitaji jembe, na utapita juu ya maiti yangu kwanza."

"Sihitaji. Kwa nini hamkusema?"

"Tumwambie nani? Jeshi? Wangempokonya Ifor, na Emrys wasingempa vilevile. Ifor alitaka kusema. Mama alimkatalia. Alimwapisha pale ulipokaa. Alisema, mmoja nimempoteza kwa ile nyambizi, wewe usipotee kwa karatasi."

"Mkewe alijua?"

"Alijua. Ndiye aliyetengenezesha hiyo fremu ya ndoano tano, akidhani labda Ifor ataona haya aje kuiomba, asijue tumekwisha kuizika. Hakuja. Baada ya hapo hakumwambia mtu, mpaka Nesta. Juma lake la kwanza kazini Nesta alimuuliza kwa nini ndoano ile haina kitu. Alisema ndiye mtu wa kwanza kumuuliza."

Mvua ilikuwa imepungua. Scourfield aliomba kuiazima barua kwa siku moja, na Bi Winifred akamwandikisha karatasi kwamba ameichukua.

"Kesho nitakuwapo kanisani," alisema mlangoni. "Wakiisoma ile hati nitanyamaza. Nimezoea. Ila naomba Mungu aniwekee kikohozi nitoke nje."

* * *

Glenys alikuwa akipasi nguo nyeusi. Scourfield hakukaa.

"Jumanne ulipiga simu Tenby, kwa muuza nishani."

Pasi ilisimama. "Nani kasema?"

"Bi Cole hana simu, na sauti aliyoisikia muuzaji ni ya mwalimu. Ulipiga kabla hujaitazama fremu. Kwa hiyo hukuwa na habari kwamba haimo."

"Nilitaka kujua tu. Kuna gharama za mazishi, kuna hii nyumba... Nilitaka tu kujua, Sajini."

"Si kosa. Lakini Krismasi hukuiona."

"Fremu iko chumbani kwake. Mlango huwa umefungwa." Aliiweka pasi wima. "Krismasi nilikaa saa tatu. Watoto walikuwa na safari."

Akamwonyesha mahameli, zile alama nne na kijivu cha tano. Akamwonyesha daftari na dakika zake. Halafu akampa barua, akaenda kusimama dirishani, kwa maana hakuna mtu anayependa kutazamwa akisoma kitu kama kile.

Ilichukua muda mrefu kwa barua fupi.

"Alikuwa mwongo," alisema Glenys hatimaye.

"Alikubali uongo wa mtu mwingine, akiwa na miaka ishirini na minane. Kisha akaukata ua wa dada yake Emrys miaka arobaini."

"Na Nesta alijua. Mhudumu! Kwa nini amwambie yeye asiniambie mimi?"

Scourfield alikuwa amechoka, na angeweza kutafuta neno laini zaidi.

"Alimuuliza," alisema.

Glenys alichomoa pasi ukutani. Akatia sahihi karatasi ya kufuta malalamiko yake pale pale juu ya meza ya kupigia pasi, kalamu ikiitoboa kwa sababu ya kitambaa kilichokuwa chini. Kisha akaomba apelekwe kwa Nesta.

Nesta hakuwakaribisha ndani. Alisimama mlangoni na aproni.

"Nimekukosea," alisema Glenys. "Nimekuchafulia jina."

"Umeifuta kesi kituoni?"

"Nimeifuta."

"Basi niende nikamvalishe Bwana Llewellin. Siku mbili yuko na nguo za kulalia."

"Kesho ukae nami mbele. Tafadhali. Baba angependa."

"Nitakaa na Bi Winifred. Hana wa kumshika mkono kwenye ngazi za kanisa." Nesta alivuta mlango, kisha akausimamisha. "Hasira ninayo, mama, nisikudanganye. Itaondoka yenyewe. Lakini si leo."

* * *

Jumamosi saa nane kanisa lilijaa. Scourfield alisimama nyuma, magoti yakikataa viti vile vya chini. Askari wa anga wa zamani walikuwa watatu, wameketi pamoja, makoti mazito, nishani kifuani.

Glenys alipanda mbele na hati ya sifa mkononi. Aliiangalia kidogo, akaikunja.

"Baba yangu alikuwa mshika redio," alisema. Sauti yake ya darasani ilifika mpaka mlangoni. "Siku ile hakuwa mkiani. Nishani aliyopewa haikuwa yake, na mwenyewe alijua, akairudisha kwa wenyewe. Aliyekuwa mkiani ni Emrys Rossiter wa Neyland. Dada yake ameketi pale."

Hakuna aliyekohoa. Vichwa viligeuka kuelekea benchi la tatu, alipoketi Bi Winifred na kofia yake nyeusi, Nesta kamshika kiwiko.

Mmoja wa wazee wale watatu aliegemea fimbo yake akaanza kuinuka. Ilimchukua muda. Wenzake wawili wakainuka naye, halafu benchi la nyuma yao, halafu kanisa zima likasimama, bila aliyeimbisha wala kuamuru.

Bi Winifred aliwatazama watu wote wale, hakujua awafanyeje.

"Kaeni, jamani," alisema. "Kaeni chini. Mtapigwa na baridi."

Hakuna aliyekaa.